Kitabu kisicho na jalada: Edmonton hadi Inuvik, na kidogo zaidi

Jalada halipo. Lilichomoka kabla kitabu hakijafika mikononi mwangu, likaondoka na jina lake, kwa hiyo msiniulize kinaitwaje. Ni mwongozo wa barabara za kaskazini, Kanada hadi Alaska, toleo la 2016, kipana kama daftari la mahudhurio la shule ya msingi, mgongo umebandikwa seloteipu ya kahawia. Nilipewa na bibi mmoja kwenye nyumba ya wazee hapa Edmonton ninakofanya kazi jikoni. Aliposikia tunataka kwenda Inuvik, mji wa mbali kabisa kaskazini mwa Kanada, kwa gari alinyamaza, akamaliza chai yake. Kesho yake nikamkuta amekitoa, amekiweka juu ya mto. Yeye na marehemu mumewe walikwenda huko kiangazi cha mwaka huohuo wa 2016. Akanipa sharti moja tu: niandike humo ndani kwa penseli, kama alivyoandika yeye, na nikirudi nimsomee.

Haya basi ni maoni ya mtu aliyekitumia kitabu hicho siku kumi na saba, akiwa kiti cha mbele upande wa abiria. Mume wangu aliendesha malori Dar hadi Tunduma kwa miaka tisa kabla hatujaja huku. Kwake yeye kwenye gari kuna vyeo viwili, dereva na utingo, na kwa kuwa dereva ni yeye, utingo nikawa mimi. Kazi ya utingo safari hii ilikuwa kusoma kitabu kwa sauti. Binti yetu wa miaka kumi alikaa nyuma pamoja na dagaa, ambao nitawafikia.

Kitabu cha namna hii hakisomwi kama kitabu. Kila barabara imeandikwa mstari kwa mstari tangu mwanzo wake hadi mwisho, na kila mstari unaanza na namba mbili: umetoka umbali gani, na umebakiza umbali gani. Kisha unaambiwa kilichopo hapo. Mto. Daraja. Choo. Mteremko mkali. Mahali pa kuegesha upande wa kushoto. Sheli. Ukiwa unarudi, unakisoma kutoka chini kwenda juu, na kushoto yao inakuwa kulia yako. Siku ya kwanza nilimwambia dereva apinde kwenye choo ambacho kilikuwa ng'ambo ya pili, akaniangalia kama utingo aliyesahau kufunga turubai.

Namba zenyewe ni balaa lake. Barabara kuu ya Alaska inaanzia Dawson Creek, British Columbia, kwenye nguzo ya Maili 0. Ilijengwa 1942 wakati wa vita, kwa miezi minane tu, ikipindapinda kwenye tope na milima. Tangu hapo imekuwa ikinyooshwa kila mara na hivyo inazidi kufupika. Lakini watu wa huko walikwisha kuzipa nyumba zao majina kwa maili za zamani, na majina hayo hayakunyooshwa pamoja na barabara. Mji wa Fort Nelson bado unaitwa Maili 300, ilhali ukipima leo ni kama 283. Halafu Kanada wanahesabu kwa kilomita, na vibao vya kandokando ni vya kilomita. Kwa hiyo mstari mmoja wa kitabu unaweza kukupa maili ya kweli, kilomita ya kibao, na maili ya kihistoria, zote zimebanana kwa herufi za ukubwa wa chawa. Nilitumia siku mbili nzima kuelewa ni ipi ya kumsomea dereva. Ni ya kibao, kwa sababu hiyo ndiyo mnayoiona wote wawili, na hapawi na ugomvi.

Tena kuna Dawson mbili. Dawson Creek ndiko barabara inakoanzia, na Dawson City ni ule mji wa dhahabu wa Yukon, karibu kilomita 2,000 mbele. Zote zimeitwa kwa jina la mjiolojia mmoja, George Mercer Dawson. Shemeji yangu aliyeko Toronto aliposikia tumelala Dawson akatupongeza kwa kukaribia kufika. Tulikuwa tumetoka nyumbani asubuhi hiyohiyo.

Nikisema ukweli, kitabu kilinifaa zaidi mezani nyumbani kuliko barabarani. Kwa wiki mbili, baada ya isha, nilikifungua jikoni na kalamu nyekundu. Mwanzoni nilipiga duara kwenye mandhari: ziwa hili, maporomoko yale. Mume wangu akapita, akatazama juu ya bega langu, akasema, "Mama Rukia, mandhari hayajazwi kwenye tangi." Nikafuta. Nikaanza upya, sheli peke yake. Hapo ndipo kitabu kilipofunguka. Ukipiga duara sheli tu, ukaandika kati yake ni kilomita ngapi, unaiona safari yote ilivyo: hapa unaweza kuzubaa, hapa huwezi. Kutoka Dawson City hadi njia panda ya barabara ya Dempster, ile inayokwenda Inuvik, ni kama kilomita 40. Kutoka njia panda hiyo hadi sheli inayofuata, Eagle Plains, ni kilomita 369, na katikati hakuna kitu. Hakuna duka, hakuna nyumba, na simu haishiki. Nilipomsomea namba hiyo alivuta kiti akakaa. Jioni hiyo ndiyo aliyokubali kwamba tuna kitabu.

Malalamiko yangu makubwa ni haya: matangazo na maelezo yamechanganywa. Mwenye hoteli akilipa anapata picha na sentensi sita za sifa, asiyelipa anapata mstari mmoja mkavu. Msomaji mgeni anadhani sentensi sita ni ushauri wa mwandishi. Inabidi ujizoeze kuruka penye picha. Na kimeandikiwa watu fulani, wazungu wastaafu wenye magari-nyumba makubwa. Kinajua wapi utamwaga maji machafu, wapi kuna mkate wa mdalasini uliotoka tanuri sasa hivi, wapi kuna keki ya matunda. Mla halali anaambulia keki. Tulibeba unga wa sembe, mchele, samaki wa kopo, jiko la gesi la kambini, na dagaa wa Mwanza waliokaangwa wakakauka vizuri.

Penseli ya bibi ndiyo ilikuwa nusu ya thamani. Maandishi madogo, yamelala upande, na mara nyingi ni maneno mawili matatu. Kahawa mbaya. Upepo. Mahali pamoja kando ya ziwa Muncho ameandika jina la mumewe peke yake, bila neno jingine, na tulipofika hapo tukasimama bila kujua tunasimamia nini. Maji ya kijani kama kikoi kipya.

Lakini kwanza Sikanni Chief, Maili 162 ya zamani. Kitabu kina mistari miwili hapo: mto, mteremko, na kwamba daraja la mbao la kwanza lilijengwa 1942 na kikosi cha 95 cha wahandisi wa jeshi la Marekani. Sikujua hao ni akina nani. Dereva ndiye aliyejua, aliwahi kuona filamu ya habari. Ni askari weusi. Walioijenga barabara hii walikuwa askari zaidi ya 10,000 na karibu theluthi moja yao walikuwa weusi, wakiwa kwenye vikosi vya peke yao kwa sababu jeshi la Marekani wakati huo lilitenga watu kwa rangi. Wengi wao walitoka majimbo ya kusini, watu wa pamba na joto, wakaletwa huku baridi inakopasua chuma. Kikosi cha 95 kilikuja na mashine zake, zikachukuliwa zikapewa kikosi cha wazungu, wao wakaachiwa misumeno na mashoka. Wakajenga daraja la Sikanni kwa chini ya siku nne. Inasemekana waliweka dau la mishahara yao kwamba wataweza, na usiku walifanya kazi kwa mwanga wa taa za malori.

Tuliteremka. Daraja la sasa ni la chuma na zege, mto uko chini unapita taratibu tu. Mume wangu alisimama ukingoni mikono kiunoni kwa muda mrefu kuliko aliosimama mahali popote kwenye safari ile. Kitabu chenye sentensi sita juu ya mkate wa mdalasini kiliwapa watu hao mstari na nusu. Hapo pembeni nikaandika kwa penseli nilichokumbuka kusimuliwa, nikaligonga karatasi mpaka likaingia shimo.

Kasoro ya toleo la zamani tuliiona kati ya Fort Nelson na Watson Lake. Duara langu jekundu lilikuwa kwenye loji moja yenye sheli, na pembeni bibi ameandika: kahawa mbaya, mafuta yapo. Tulifika tukakuta madirisha yamepigwa mbao na nyasi zimefika magotini kwenye pampu. Loji za njia hiyo zimekuwa zikifungwa mwaka hadi mwaka, kwani wenyewe wanazeeka na magari ya siku hizi yanakwenda mbali kwa tangi moja. Kosa si la kitabu wala si la bibi. Ni langu mimi niliyepanga mafuta ya mwaka huu kwa kitabu cha 2016. Dereva hakusema kitu. Alifungua buti, akatoa dumu la lita 20, akachukua mpira, akamimina huku anapiga mluzi. Mluzi ule nitaukumbuka. Tangu hapo kila kituo niliuliza kituo kinachofuata kama kiko wazi, na jibu nikaliandika juu ya duara. Nakushauri ufanye vivyo hivyo hata kama toleo lako ni la mwaka huu, kwa sababu kitabu kinachapwa majira ya baridi na mtu anafunga biashara wakati wowote.

Liard, Maili 496, ndipo penye chemchemi za maji moto, na hapa sina la kulalamika. Unapita juu ya njia ya mbao inayovuka bwawa lenye uvuguvugu, unafika kwenye dimbwi la kijani, mvuke unapanda kwenye miti, na harufu ya kiberiti. Kwetu Tanga tunazo za Galanos, huko Amboni, na harufu ilinirudisha huko moja kwa moja, ziara ya shule, mwalimu akitukataza kusogea. Niliingia na dera langu la kuogelea, na hakuna aliyenitazama mara mbili. Upande wa juu maji yanachoma kweli, ukisogea chini yanapoa. Usiku njiani kuna bison, wanyama wa jamii ya nyati, wanalala kando ya lami, wengine juu ya lami yenyewe. Kitabu kinakuonya kwa herufi nzito usiendeshe giza eneo hilo. Litii hilo. Tulikutana nao saa nne usiku bado kuna mwanga, dume moja limesimama katikati, kubwa kuliko gari letu, na dereva wa Tunduma akazima injini bila kuambiwa.

Sasa dagaa. Kitabu kina ukurasa mzima juu ya dubu: usiweke chakula ndani ya hema, usiweke chochote chenye harufu, hata dawa ya meno. Nikasoma kwa sauti. Binti akasema, "Mama, dagaa wako kwenye mto wangu." Kweli, alikuwa amefanya fuko la dagaa kuwa mto. Usiku huo tulihamisha dagaa, mto, foronya na shuka yake mpaka kwenye gari, tukafunga vioo, na kwa siku kumi zilizobaki gari likanuka kama soko la samaki la Deep Sea, Tanga. Dubu tuliwaona watatu, wote kwa mbali, wanakula maua ya porini. Hawakuwa na haja na sisi.

Watson Lake nitaipita haraka, kila mtu ameipiga picha. Ule msitu wa vibao ulianza 1942, askari mmoja wa Marekani aliyekuwa amekumbuka kwao alipopigilia kibao cha mji wake, na sasa viko makumi ya maelfu. Na sisi tulipigilia chetu, ubao wa sanduku la maembe: PANGANI, MBALI SANA. Whitehorse tulifua nguo.

Barabara ya Dempster ndiyo iliyotutoa nyumbani, na ndiyo sehemu kitabu kinapong'ara. Kilomita 736 kutoka njia panda hadi Inuvik, karibu yote ni changarawe. Ilifunguliwa 1979. Udongo wa chini umeganda mwaka mzima, na ukiupa joto unayeyuka, barabara inazama. Kwa hiyo wameilaza juu ya tuta la changarawe lenye unene wa mita moja na robo hadi mbili na zaidi, kazi yake ni kuuzuia udongo usipate moto. Unaendesha juu ya blanketi, ila hili ni la kulinda baridi. Palipoyeyuka utaona miti midogo imeinama huku na huku kama watu wanaotoka kilabuni. Haya yote nilikuwa nayasoma huku nayaona, na sijui programu ya simu iliyoweza kunifanyia hivyo, kwa kuwa simu ilikuwa imekufa tangu kilomita ya kwanza.

Kitabu kinasema ubebe matairi mawili kamili ya spea. Si lile jembamba la dharura. Mawili, kamili. Mume wangu alisema mawili ni woga, Tunduma alikwenda na moja. Tulibishana Dawson City mpaka nikafungua mkoba nikanunua la pili kwa hela yangu ya vikoba, na nikalifunga juu ya gari mwenyewe. Mawe ya Dempster yamechongoka kama vigae vya chungu kilichopasuka. Kilomita ya 211, fyuu. Tukabadilisha. Kilomita ya 298, tairi jingine, upande uleule. Alipiga jeki mara ya pili kimya kimya, vumbi mpaka kwenye kope, mbu wamemfunika mgongo kama fulana. Mimi ni mtu wa Pangani, mbu nawajua, lakini hawa hawana aibu hata kidogo. Tulikuwa na vyandarua vya kichwa, navyo ushauri wa kitabu. Alipomaliza alijipangusa, akaingia, akawasha gari, akasema mbele yake, "Soma kitabu, utingo."

Eagle Plains walituzibia pancha zote mbili huku tunakunywa chai. Kilomita 36 mbele ni mstari wa Aktiki, na kibao cha kupigia picha. Binti alichoka na kibao hicho mapema, kwa sababu tangu milima ya Ogilvie alikuwa na mchezo wake mwenyewe: kila panapoandikwa caribou, wale paa wakubwa wa kaskazini, yeye anajibu, "Ahsante, tumeshakaa."

Fort McPherson niliomba tusimame makaburini. Kitabu kinataja kwa ufupi, nami nilikuwa nimeshasoma kisa chenyewe maktaba. Desemba 1910 askari polisi wanne wakiongozwa na Inspekta Fitzgerald waliondoka hapa na sleji za mbwa kwenda Dawson City. Kiongozi wao wa njia alikuwa ameipita njia ile mara moja tu, miaka ya nyuma, tena akitokea upande wa pili. Njiani walimpata Mgwich'in, mwenyeji wa milima hiyo, akawaonyesha njia siku chache, wakamlipa wakamruhusu arudi. Baadaye hawakukiona kabisa kijito walichotakiwa kukifuata. Walikula mbwa wao. Walikufa wote wanne Februari 1911, wawili wa mwisho wakiwa karibu sana na walikotoka. Aliyetumwa kuwatafuta na akawakuta ni Koplo Dempster, na barabara ikaja kuitwa kwa jina lake.

Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho. "Akitokea upande wa pili," akarudia. Kisha, "Kama wewe na kile choo." Nilicheka makaburini, Mungu anisamehe. Lakini kuanzia hapo aliacha kuninyooshea kidole niulize kitabu, akawa anasimamisha gari anauliza watu mwenyewe, na kitabu nikawa nakiangalia kama cha kulinganishia. Mzee mmoja wa pale aliyekuwa akikausha samaki ndiye aliyetuambia kivuko cha mto Mackenzie kimesimama tangu asubuhi kwa sababu ya magogo yanayoteremka na maji, tusikimbilie, tukae. Kitabu kinajua kivuko kipo. Magogo ya siku ile hakiwezi kuyajua.

Vivuko ni viwili, Peel na Mackenzie, vya serikali na bure. Vinafanya kazi kiangazi tu, majira ya baridi watu wanapita juu ya barafu, na kuna wiki kadhaa barafu inapovunjika au inapoanza kuganda ambapo hakuna njia yoyote. Hapo kitabu kina jedwali zuri, lakini ni la wastani wa miaka iliyopita, si la mwaka wako. Cha Peel kinavutwa kwa waya. Gati hakuna, ni rampu ya changarawe wanayoisukuma kwa tingatinga kila maji yanapopanda au kushuka. Nimekua na kivuko cha Pangani kwenda Bweni, nikajiona niko nyumbani, ila hapa hakuna muuza kashata.

Inuvik tulifika jua likiwa pale pale lilipokuwa mchana. Nilikuwa na shabaha yangu ambayo haimo kitabuni. Kuna msikiti. Ulijengwa Winnipeg 2010, ukapakiwa kwenye lori zima zima, kisha ukashushwa kwa tishari kwenye mto Mackenzie, safari ya zaidi ya kilomita 4,000, na Novemba ya mwaka huo ukafunguliwa. Mnara waliujenga hapo hapo. Kitabu kimeandika makanisa, kimeandika bwawa la kuogelea, msikiti hakina, nao ulikuwa na miaka mitano lilipochapwa toleo hilo. Tulimkuta mzee wa Kisudani anafagia mlango. Nilimuuliza, jua halizami huku, magharibi mnaiswali saa ngapi? Akasema, "Tunafuata saa za Edmonton." Tumesafiri zaidi ya kilomita 3,200, tukaswali magharibi kwa saa ya jikoni kwetu, jua limetupiga usoni dirishani. Nikaandika pembeni ya ukurasa wa Inuvik, kwa kalamu ya wino safari hii: MSIKITI UPO.

Je, ununue? Ununue, toleo jipya, na ulipitie sheli kwa sheli kabla hujaangalia picha hata moja. Namba za mito, madaraja, miteremko na umbali ni za kuaminika, sikuzikuta na kosa. Mafuta, vitanda na vivuko, kabla ya kuondoka pigia simu au angalia taarifa za barabara za serikali, Yukon ni namba 511. Kama unapata la zamani lenye penseli ya mtu, chukua na hilo pia. Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimekata kwa sababu ya Sikanni na msikiti.

Chini ya ukurasa wa mwisho wa Dempster bibi ameandika: Barabara imeishia hapa. Tumegeuza. Na mwaka 2016 alikuwa sahihi, kwenda Tuktoyaktuk pwani ya Aktiki kulikuwa na ndege au barabara ya barafu ya majira ya baridi. Barabara ya changarawe ya mwaka mzima ilifunguliwa Novemba 2017. Kwa hiyo asubuhi dereva alipowasha gari akauliza, "Soma," sikuwa na cha kusoma. Nikapindua kurasa nyeupe za nyuma, nikachonga penseli, nikaangalia dashibodi.

Km 0. Inuvik, mafuta tele, tairi zote nne zima, dagaa wamebaki kiganja kimoja. Km 31. Miti imekuwa mifupi kama binti yetu. Km 52. Mti wa mwisho, au nimeufumbia macho mwingine. Km 75. Maziwa kulia, maziwa kushoto, hakuna choo. Km 90. Baba Rukia anaimba. Km 126. Vilima viwili vimechongoka kama vichuguu, ndani ni barafu, vinaitwa pingo. Km 138. Bahari. Maji ya kahawia, baridi ya kukata, hakuna mnazi hata mmoja. Dereva amevua viatu.